Annalena Tonelli: Alifukuzwa Wajir, akajenga hospitali Borama

MWEZI Juni mwaka 2003, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilimtunuku Bi Annalena Tonelli Tuzo ya Nansen, heshima ambayo miaka 20 kabla yake ilikuwa imemwendea Mwalimu Julius Nyerere. Tuzo hiyo ilitambua miaka 33 aliyoitumia kuwahudumia Wasomali, na hasa hospitali ya kifua kikuu aliyoijenga Borama, mji wa Somaliland ulio karibu na mpaka wa Ethiopia, katika nchi iliyokuwa ikijikongoja kutoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Jambo ambalo halikutiliwa mkazo sana wakati huo ni kwamba mbegu ya hospitali hiyo ilipandwa Kenya. Karibu kila kilichofaulu Borama kilikuwa kimejaribiwa kwanza katika mchanga wa Wajir, na kingeweza kukua na kustawi huko huko lau serikali ya siku hizo isingemtimua mwanamke huyu baada ya kuokota na kuhesabu maiti ambazo haikutaka zihesabiwe.

Tonelli alizaliwa Aprili 2, 1943, katika mji wa Forlì, kaskazini mwa Italia, wakati Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vimepamba moto. Alisomea sheria hadi akapata shahada ya chuo kikuu, lakini hakuitumia kujitafutia riziki. Tangu ujana wake alikuwa akishinda katika mitaa ya mafukara ya mji wake, akiwashughulikia watoto ambao hawakuwa na wa kuwaangalia. Mwaka 1963 alikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha kamati ya kupambana na njaa duniani. Msomaji na aikumbuke kamati hiyo ndogo, kwani ndiyo iliyokuja kuwa hazina ya hospitali nzima miaka zaidi ya 30 baadaye.

Aliwasili Kenya mwanzoni mwa mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 25, na kufundisha katika shule ya wasichana ya Chinga, wilayani Nyeri. Nyeri, yenye mvua, chai na kahawa yake, haikumshika. Mwaka uliofuata alihamia Wajir, naye akaanza maisha mapya mahali ambapo watumishi wengi wa serikali walipahesabu kuwa adhabu.

Ni muhimu kukumbuka Wajir ya mwaka 1970 ilikuwa mahali pa namna gani. Vita vya Shifta, vilivyozuka mara tu baada ya uhuru kwa sababu Wasomali wengi wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini walitaka kujiunga na Somalia, vilikuwa vimekwisha mwaka 1967. Hata hivyo, sheria za hali ya hatari zilibaki kulikandamiza eneo hilo hadi mwaka 1991. Wilaya yenyewe ilienea kutoka Bute na Buna, karibu na mpaka wa Ethiopia, hadi Habaswein upande wa kusini. Eneo hilo, ambalo siku hizi ni kaunti, lina takriban kilomita 56,000 za mraba, na lilikuwa la wafugaji waliofuata maji na malisho. Mgonjwa wa Bute aliyehitaji kumwona daktari mjini Wajir alikuwa na safari ya siku nyingi juu ya mgongo wa ngamia, ikiwa alikuwa na nguvu za kuketi.

Mgeni huyo alipokewa kwa shaka. Alikuwa Mzungu, Mkristo na, jambo lililowashangaza watu kuliko yote, mwanamke asiye na mume wala mtoto. Katika jamii ambayo mwanamke hupimwa kwa watoto aliowalea, hakueleweka. Kwa upande wake hakujaribu kumgeuza yeyote dini. Alijifunza Kisomali, akajitanda kama wanawake wa huko, akala chakula cha huko. Alikuwa Mkatoliki wa sala nyingi, lakini hakuwa mtawa wala hakutumwa na shirika lolote la kidini. Hakupokea mshahara na hakuweka akiba ya uzeeni.

Alikuja kama mwalimu wa shule ya sekondari, lakini nje ya darasa aliwaona watoto waliotambaa vumbini kwa sababu ugonjwa wa kupooza ulikuwa umewanyong'onyeza miguu. Pamoja na wanawake wachache wa Kiitalia waliojiunga naye kwa kujitolea, alianzisha kituo cha kuwanyoosha viungo na kuwafundisha kutembea. Baadhi ya watoto hao aliishi nao nyumba moja kama mama yao. Kazi ya kituo hicho ilikuwa ya polepole, ya miezi na miaka, na huenda ndiyo iliyompa subira aliyoihitaji alipougeukia ugonjwa mwingine.

Kifua kikuu kilikuwa kikiwamaliza wafugaji. Kwa Wasomali wa siku hizo ugonjwa huo ulikuwa aibu. Familia zilimficha mgonjwa, na wengi waliokuwa wakitema damu walikana kwamba walikuwa nao, kwa maana kuukiri ilikuwa kuharibu nafasi ya binti kuolewa au ya kijana kuoa. Hao ni wale waliojulikana. Wengine walifia malishoni bila hospitali kujua kama walikuwepo.

Dawa zilikuwapo, na hapo ndipo penye uchungu wa kisa hiki. Tangu miaka ya 1950 madaktari walijua kwamba kifua kikuu hupona kikitibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja. Shida ilikuwa muda. Matibabu ya zamani yalichukua mwaka mzima au mwaka na nusu, ilhali mgonjwa huanza kujisikia nafuu baada ya wiki chache tu. Mfugaji ambaye homa imemtoka na hamu ya chakula imemrudia, huku ng'ombe na ngamia wake wakiwa wamehamia mbali kufuata mvua, hana sababu ya kuendelea kulala wodini. Huondoka. Ugonjwa hurejea, na safari hii vijidudu vimekwisha kuzizoea dawa. Daktari humwandika kuwa mtoro, naye akarudi kambini kuwaambukiza wanawe.

Katika miaka ya 1970 utafiti uliofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza ulionyesha kwamba dawa mpya, hasa rifampisini, zingeweza kuufupisha muda huo hadi miezi 6. Hilo lilikuwa jambo kubwa duniani. Lakini hata miezi 6 ni mingi kwa mtu asiyekaa mahali pamoja.

Mwaka 1976 Tonelli alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kuwatibu wafugaji wanaohamahama. Hakuwa daktari. Alikuja kusomea tiba ya nchi za joto, udhibiti wa kifua kikuu na ukoma katika vyuo vya Kenya, Uingereza na Uhispania, lakini shahada ya udaktari hakuwa nayo. Labda ilikuwa heri. Daktari angeanza kwa kufikiria wodi; yeye alianza kwa kufikiria nyumba ya mfugaji.

Nyumba ya Msomali mfugaji, herio, ni ya matao ya vijiti na mikeka, nayo hufunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia kwa muda mfupi. Tonelli aliwaambia wagonjwa waje nayo. Waje na wake, waume, watoto na bibi zao, wajenge mbele ya kituo cha watoto walemavu, waishi hapo kama wanavyoishi malishoni hadi matibabu yamalizike. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Manyatta ya TB, kijiji cha wagonjwa kisicho na ukuta wala wodi. Kila siku kila mgonjwa alimeza dawa zake mbele ya mhudumu aliyemtazama hadi amemeza. Asiyeonekana alifuatwa nyumbani kwake, hatua chache tu kutoka hapo. Aliyemaliza miezi 6 alifungua herio yake na kwenda zake, akiwa mzima.

Jambo hili linaonekana rahisi likishaelezwa. Lilihitaji mtu aliyekaa huko vya kutosha kuelewa kwamba mfugaji hakuwa mtoro kwa ujinga wala ukaidi, bali kwa sababu hospitali ilimtaka achague kati ya mapafu yake na mifugo yake, na kwamba familia ikiwepo, mmoja anaweza kubaki kwenye dawa na wengine wakafuata malisho.

Kumekuwa na mazoea, hasa katika maandishi ya Kiitalia, ya kusema kwamba Tonelli ndiye aliyebuni mkakati wa DOTS, yaani wa mgonjwa kumeza dawa mbele ya msimamizi, ambao WHO iliueneza duniani katika miaka ya 1990. Sifa hiyo inahitaji kugawanywa kwa haki. Madaktari wa Madras, India, walikuwa wamejaribu mengi kati ya hayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na nguzo kuu ya mkakati wa WHO ilikuwa mpango wa kitaifa wa Tanzania ulioanzishwa mwaka 1977 na kuongozwa kitaalamu na Karel Styblo. Ila ni kweli kwamba Wajir ilithibitisha jambo ambalo wengi walilidhania muhali: kwamba watu wasio na anwani wanaweza kutibiwa hadi mwisho. Afrika Mashariki ina haki ya kujivunia sura zote mbili, ile ya Tanzania na ile ya Wajir.

Kisha ikaja Februari 1984.

Uhasama kati ya koo za Degodia na Ajuran ulikuwa umesababisha mauaji, na serikali ikaamua kuwanyang'anya Wadegodia silaha. Alfajiri ya Februari 10 wanajeshi na polisi waliwakamata wanaume wa ukoo huo mjini Wajir na vitongojini, wakateketeza nyumba huko Bulla Jogoo, na kuwapeleka mateka wao katika uwanja wa ndege wa Wagalla, kilomita zipatazo 15 kutoka mjini. Waliwekwa hapo kwa siku kadhaa juani, wengi wakiwa wamevuliwa nguo, bila chakula wala maji. Waliojaribu kukimbia walipigwa risasi. Maiti, na baadhi ya waliokuwa wangali wakipumua, walipakiwa malorini na kutupwa porini.

Habari zilipomfikia, Tonelli alitoka na gari kwenda kuwatafuta. Aliwaokota walio hai na kuwatibu, akazika wafu, akapiga picha. Aliandika pia majina. Kwa mtu aliyesomea sheria, hiyo ndiyo pengine mara ya pekee elimu yake ya kwanza ilipomfaa Wajir: alijua kwamba mauaji yasiyo na orodha ni rahisi kukanushwa. Orodha na picha hizo ziliwafikia wanabalozi jijini Nairobi, na kupitia kwao ulimwengu.

Serikali ilitangaza kwamba waliokufa ni 57. Wakazi wa Wajir wameendelea kusema kwamba walikuwa maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013, haikuweza kutoa hesabu kamili, lakini ilikubali kwamba wafu walikuwa wengi mno kuliko idadi ya serikali. Hivyo ilichukua miaka 29 kwa chombo rasmi cha Kenya kulieleza kwa kirefu jambo ambalo mwanamke mmoja alikuwa ameanza kuliandika katika wiki ile ile.

Mwaka 1985 alilazimishwa kuondoka nchini. Alikuwa ameishi Wajir kwa takriban miaka 15. Baadhi ya wenzake walibaki na kukiendesha kituo cha watoto walemavu, na jina la TB Manyatta likasalia kuwa sehemu ya mji.

Mtu mwingine angerudi Italia. Tonelli alivuka mpaka na kuwafuata Wasomali nchini mwao, kwanza Beledweyne, baadaye Mogadishu. Huko alikutwa na kuanguka kwa dola. Mnamo Januari 1991 Rais Mohamed Siad Barre alikimbia mji mkuu, na magenge yenye silaha yakaigawana Mogadishu mtaa kwa mtaa. Mashirika mengi yalihama. Yeye alibaki akilisha wenye njaa na kugawa dawa za kifua kikuu katikati ya milio ya risasi. Alipigwa, na safari moja alitekwa nyara.

Kutoka Mogadishu alishuka hadi Merca, mji mkongwe wa pwani ya Benadir, na kuendesha huko kituo cha kifua kikuu. Mwaka 1995, vitisho vilipozidi, aliondoka. Nafasi yake ilichukuliwa na daktari Graziella Fumagalli, Mwitalia mwenzake aliyekuwa akitumikia Caritas. Oktoba 22 mwaka huo huo, Fumagalli aliuawa kwa risasi ndani ya kituo. Hakuna shaka kwamba Tonelli alijua tangu siku hiyo bei ya kazi aliyoichagua. Mwaka uliofuata alikuwa tena miongoni mwa Wasomali, safari hii katika pembe ya kaskazini-magharibi.

Somaliland ilikuwa imejitangazia uhuru Mei 18, 1991. Hargeisa, mji wake mkuu, ulikuwa umesagwa kwa mabomu mwaka 1988 na ndege za serikali yake yenyewe. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Ethiopia, katika kambi kama Hartisheikh, Teferi Ber na Darwanaji. Borama haikuharibiwa kwa kiasi hicho, na ndiyo maana mwaka 1993 wazee wa koo zote walikutana huko kwa miezi kadhaa, wakala kiapo cha amani, wakaandika hati ya kuongoza nchi na kumchagua Mohamed Ibrahim Egal kuwa rais. Ni mkutano unaostahili kufundishwa katika shule zetu, kwa sababu amani iliyopatikana chini ya kivuli cha mti ilidumu zaidi ya mikataba mingi iliyotiwa saini hotelini.

Lakini amani haina paa wala sindano. Wakati huo Somaliland haikuwa imetambuliwa na taifa lolote, hivyo mikopo ya Benki ya Dunia na misaada ya serikali kwa serikali haikuifikia. Madaktari walikuwa wametawanyika ughaibuni. Wakimbizi waliokuwa wakirejea kutoka kambini walitoka katika msongamano, na hakuna mahali kifua kikuu kinapopapenda kama penye watu wengi walio dhaifu chini ya turubai moja.

Tonelli alifika Borama mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 53. Alianza kidogo, akaongeza wodi moja baada ya nyingine, hadi hospitali ikawa na vitanda zaidi ya 200. Dawa na vyakula vilitoka kwa sehemu katika mashirika ya Umoja wa Mataifa. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa jamaa, marafiki na wale wenzake wa ujanani huko Forlì: kiasi cha dola 20,000 za Marekani kila mwezi, zilizochangwa na watu wa kawaida na kutumiwa mahali ambapo hapakuwa na benki ya kuaminika.

Kwa hesabu za mashirika makubwa hizo ni pesa ndogo. Gari moja la kifahari la mkurugenzi hugharimu zaidi. Tofauti ilikuwa kwamba Borama hapakuwa na mkurugenzi. Mwenye hospitali alilala pale pale, alizunguka wodi asubuhi na usiku, na hakuwa na mkataba wa kumaliza.

Mtindo ulikuwa ule ule wa Wajir, uliobadilishwa kidogo ili uufae mji. Dawa zilimezwa mbele ya mhudumu. Makohozi yalipimwa ili kuona kama vijidudu vimetoweka, badala ya kumwamini mgonjwa anayesema yu mzima. Wahudumu walikuwa wenyeji, waliofunzwa hapo hapo. Na kwa kuwa miezi ya matibabu ni mirefu, wagonjwa walifundishwa kusoma na kuandika, na Kurani pia ikasomeshwa, jambo lililowashangaza waliodhani kwamba Mkatoliki huyo alikuwa na ajenda ya siri.

Kando ya hospitali vilichipuka vitu vingine. Mara kwa mara aliwaalika madaktari wa macho kutoka nje, na maelfu ya watu waliopofushwa na mtoto wa jicho wakaona tena. Aliwasaidia wanawake waliokuwa wakifanya kampeni dhidi ya ukeketaji, suala ambalo katika Pembe ya Afrika halizungumzwi hadharani bila mtu kujipatia maadui.

Na mwaka 1997 ikafunguliwa shule ya viziwi, ya kwanza ya aina yake katika nchi za Wasomali. Hapa tena Wajir inajitokeza. Lugha ya ishara iliyotumiwa Borama ililetwa na Msomali aliyesoma katika shule ya viziwi ya Wajir, nayo chimbuko lake ni Lugha ya Ishara ya Kenya. Watoto ambao hadi wakati huo walifichwa nyumbani kama mikosi walianza kuzungumza kwa mikono, na lugha hiyo ikaenea baadaye miongoni mwa viziwi wa Somaliland na Djibouti. Kati ya yote aliyoyafanya mwanamke huyu, hili linatajwa kidogo kuliko mengine, ingawa huenda ndilo litakaloishi muda mrefu zaidi. Majengo hubomoka, na dawa mpya huzifukuza za zamani, ilhali lugha ikishapata wasemaji hujitunza yenyewe.

Adui hawakukosekana. Virusi vya Ukimwi vilipoanza kugunduliwa miongoni mwa wagonjwa wa kifua kikuu, kama ilivyokuwa kila mahali Afrika Mashariki, hospitali ilianza kuwatibu na kuwashauri. Hapo minong'ono ikawa kelele. Baadhi ya wakazi walidai kwamba mgeni huyo ndiye aliyeleta Ukimwi mjini, na kwamba kukusanya wagonjwa wa nchi nzima Borama ni kuwaua watu wa Borama. Mwaka 2002 umati uliandamana hadi hospitalini na kurusha mawe.

Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi moja kwa moja. Mji wowote ungeuliza maswali kama hospitali ya ugonjwa wa kuambukiza ingejengwa katikati yake. Jibu la kitaalamu ni kwamba mgonjwa anayemeza dawa ipasavyo huacha kuambukiza baada ya wiki chache, na kwamba hatari yumo yule aliyefichwa nyumbani. Ila jibu la kitaalamu huenda taratibu, na uvumi hauhitaji miguu. Inafaa kusema pia kwamba wapo wazee, wanawake na wagonjwa wa Borama waliosimama upande wake, na serikali ya Somaliland haikumtaka aondoke.

Alikwenda Ulaya kupokea Tuzo ya Nansen, yenye dola 100,000, akarudi Borama kuendelea na kazi.

Jioni ya Oktoba 5, 2003, alipokuwa katika eneo la hospitali akiwashughulikia wagonjwa, mtu mwenye bunduki alimpiga risasi kichwani. Alikuwa na umri wa miaka 60. Hazikupita wiki tatu kabla ya walimu wawili Waingereza, Dick na Enid Eyeington, kuuawa nyumbani kwao katika shule ya sekondari ya Sheikh, na mwezi Machi 2004 Mkenya mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa misaada aliuawa karibu na Berbera. Mfululizo huo uliwafanya wengi kuamini kwamba kikundi cha wenye itikadi kali kiliazimia kuwafukuza wageni wote na kuionyesha Somaliland kuwa nchi isiyotawalika. Mwaka 2005 mahakama ya Somaliland iliwatia hatiani watu kadhaa kwa mauaji yale ya baadaye.

Kama hilo ndilo lililokuwa lengo, halikutimia. Hospitali haikufungwa. Wahudumu aliowafunza waliendelea kuwapanga wagonjwa mbele ya meza ya dawa kila asubuhi, na shule ya viziwi ikaendelea kupokea watoto. Wenyeji wakaizoea hospitali kwa jina la Annalena, ingawa enzi za uhai wake hakupenda jina lake liandikwe popote.

Kwa Kenya kisa hiki kina deni ambalo halijalipwa vizuri. Tume ya mwaka 2013 ilizungumzia fidia na kumbukumbu kwa wahanga wa Wagalla, na manusura wameendelea kuzidai. Kuhusu mwanamke aliyeandika majina yao, ni machache yaliyosemwa rasmi. Vitabu vyetu vya shule vinawataja wamishonari wa karne ya 19 waliokaa nchini miaka michache tu, navyo vinampita aliyekaa Wajir miaka 15 na kuacha nyuma yake njia ya kutibu wafugaji ambayo bado ina maana kwa kaunti za kaskazini, ambako umbali kutoka Bute hadi hospitali kubwa haujapungua hata kilomita moja.

Mwenyewe alikuwa ameeleza mapema ni wapi alitaka kupumzishwa. Hakutaka Forlì alikozaliwa. Baada ya kifo chake mwili ulisafirishwa hadi Nairobi, na mabaki yake yakapelekwa Wajir, miaka 18 baada ya kuondolewa huko kwa nguvu.